Siku ya mizani, tupeni wazazi dakika tano

Kila Februari 15 na kila Septemba saratani ya watoto inapata siku zake: utepe wa dhahabu, fulana, matembezi ya asubuhi, hotuba ya mgeni rasmi. Nikipata nafasi huwa nakwenda, na nawashukuru kwa dhati wanaoandaa. Ila tukishakusanyika pale, naona karibu wote ni sisi kwa sisi: wazazi tuliopitia wodini, wauguzi, madaktari, waandishi wachache. Mama tunayemtafuta hayupo. Yuko zahanati ya kwao, kakaa kwenye benchi na kadi ya kliniki mkononi, anasubiri mwanawe atundikwe kwenye mizani.

Huko ndiko elimu hii ipelekwe, na ningependa wazazi wenyewe ndio wapewe nafasi ya kuisema.

Binti yangu aliugua saratani ya jicho, ile wataalamu wanayoiita retinoblastoma. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Wa kwanza kuona alikuwa bibi yake. Jioni, mtoto akigeukia taa, mboni ya jicho moja iling'aa nyeupe kama jicho la paka. Baadaye jicho likaanza kwenda upande. Tulikopita mwanzo tulipewa dawa ya tyubu ya kupaka tukaambiwa turudi baada ya wiki, tukirudi tunapewa nyingine. Wakati huo kliniki ya uzito tulikuwa hatukosi hata mwezi mmoja. Uzito wake ulikuwa mzuri, chanjo zote amepata, kadi imejaa mihuri. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu macho ya mtoto.

Alitolewa lile jicho, akatibiwa, leo anasoma darasa la pili. Ana jicho la bandia analolivua na kulisafisha mwenyewe, na hataki umsaidie. Mdogo wake tulimpeleka kupimwa macho akiwa bado mchanga, maana saratani hii mara nyingine hurithiwa.

Wenzetu Kenya wameliingiza suala la jicho jeupe kwenye kijitabu cha mama na mtoto, mhudumu aulize na aangalie. Mzazi naye anaweza kuangalia mwenyewe nyumbani: mpige mtoto picha kwa simu yenye mwanga wa flashi, akitazama kamera. Macho mazima mara nyingi hutoa wekundu. Moja likitoa weupe, nenda hospitali yenye daktari wa macho. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni pembe tu ya picha, lakini aseme daktari.

Jicho ni dalili moja tu. Wodini nimekaa na akina mama ambao kila mmoja alikuwa na safari yake ya kupotezwa njia. Mtoto wa huyu alivimba tumbo, nyumbani wakasema bandama, akachanjwa chale. Kumbe uvimbe uko kwenye figo. Wa yule alikuwa na homa zisizokwisha, anapauka, anaongezewa damu, ikiisha anaongezewa tena, ana michubuko ambayo hakuna anayejua kaipata wapi, analia miguu usiku. Ilikuwa saratani ya damu. Na wa mwingine alivimba taya, meno yakalegea, akang'olewa jino moja, kisha la pili, na uvimbe ukazidi kukua.

Huu wa taya unaniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu ni ugonjwa ambao dunia iliujulia hapa kwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za watoto wenye uvimbe huo mwaka 1958. Kisha akachapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma kwenye hospitali za sehemu nyingi za Afrika akiuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari wakazunguka kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ndipo ikaonekana kwamba ugonjwa umekaa zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua, kulekule kwenye malaria. Uvimbe huo ni kati ya saratani za binadamu zinazokua haraka kuliko zote, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, lakini pia husikia dawa vizuri sana ukiwahiwa. Zaidi ya miaka sitini baada ya vile vipeperushi, mama wa Kanda ya Ziwa bado anampeleka mtoto akang'olewe jino. Picha ileile tu, ikibandikwa pale anaposubiri, ingemwokolea wiki nzima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wa hadi miaka 19 wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri wanapona zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikia angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Dawa kukosekana ni sehemu ya tatizo, gharama ni sehemu, kukatisha matibabu ni sehemu. Lakini kabla ya yote hayo mtoto lazima afike. Saratani nyingi za utotoni hazina chanjo, wala kipimo cha kuwapanga watoto wote foleni kama kile cha mlango wa kizazi. Zinagunduliwa kwa mtu kuona dalili na mtu wa pili kumwamini.

Hapo kwenye kuaminiwa ndipo mzazi aliyepitia anapofaa kuliko bango. Mabango yapo, na akina mama wanakaa chini yake wakipiga soga. Akisimama mama mwenzao, kashika mkono wa mtoto aliyepona, benchi zima linanyamaza. Nimeliona hilo mara moja mtaani kwetu, muuguzi aliponiruhusu niseme maneno machache. Maswali yalikuja mengi: inaambukiza? Haiambukizi. Ni kwa sababu nilikula nini nikiwa mjamzito? Mama hakuifanya kwa chakula chake. Ni laana ya upande wa baba? Swali hilo liliulizwa kwa sauti ya chini na binti mdogo sana, ambaye nahisi nyumbani kwake lilishasemwa kwa sauti kubwa.

Na kuna jambo jingine wasilolijua wengi: kwamba inatibika, na kwamba kuna pa kwenda. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na shirika la Tumaini la Maisha, wanatibu watoto bila familia kutozwa dawa za saratani. Hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, pia wanatibu. Baba anayedhani atauza shamba kwanza atachelewa kwa kutafuta mnunuzi. Aelezwe mapema kwamba mzigo mkubwa utakuwa nauli na siku za kukaa mbali na nyumbani, na hilo ndugu na majirani wanaweza kulichangia kama tunavyochangia misiba na harusi.

Najua wauguzi wa zahanati wamezidiwa. Mmoja anapima uzito, anachoma chanjo, anajaza rejista, na nje foleni inafika kwenye mwembe. Siwaombi waongeze kazi. Naomba waganga wafawidhi waturuhusu wazazi tuje siku ya mizani, asubuhi, kabla foleni haijaanza kusogea. Dakika tano zinatosha: jicho linalong'aa au kwenda upande, tumbo au taya inayovimba, homa na kupauka kusikoisha, michubuko bila sababu. Halmashauri ikitaka tupewe mafunzo kwanza, tutahudhuria. Ikitaka tuandike barua kupitia mwenyekiti wa mtaa, tutaandika. Posho hatudai, na nauli tutajilipia.