Harriet alipokataa posa

Sherlock Holmes hakutaka mapenzi yaiguse kazi yake. Mwanzoni mwa The Sign of Four (1890) anamlaumu Watson kwa kuitia mahaba kesi yao ya kwanza, kana kwamba mtu kachomeka kisa cha wapenzi waliotoroshana ndani ya kanuni ya tano ya jiometri ya Euclid. Kitabu hichohicho kinaisha Watson akichumbia mteja wao, Mary Morstan, na Holmes anakataa kumpongeza. Yeye, anasema, hataoa asije akapotoka katika kuamua. Waliosoma visa vya mpelelezi Bwana Msa na mwenzake Najum wanaujua ukoo huu: kapera mwenye kiko, na rafiki wa kumstaajabia.

Hoja yake ina uzito. Mpelelezi akishapenda mshukiwa, msomaji anajua huyo hatanyongwa, na orodha imepungua kabla kazi haijaanza. E. C. Bentley aliligeuza tatizo hilo kuwa mtego mwaka 1913: mpelelezi wake, Trent, anampenda mjane wa tajiri aliyeuawa, na maelezo yake ya kesi, yaliyosukwa kwa ustadi, yanaporomoka. Agatha Christie naye alimpatia Hastings, rafiki wa mpelelezi wake Poirot, mke mwaka 1923, kisha akampeleka Argentina. Poirot hakupungukiwa na kitu.

Hata Dorothy L. Sayers alikuwa upande huo. Mwaka 1928 aliandika kwamba mapenzi huikwamisha hadithi ya upelelezi. Miaka 2 baadaye akatoa Strong Poison. Harriet Vane, mtunzi wa riwaya za upelelezi, yuko kizimbani akidaiwa kumuua kwa aseniki mwanamume aliyewahi kuishi naye, na Lord Peter Wimsey, mpelelezi wa Sayers, anamposa Harriet akiwa bado mahabusu. Sayers alikusudia kuwaoza na kuachana kabisa na Wimsey. Akakwama. Mwanamke aliyeponea kitanzini atamkubalije aliyemwokoa, bila ndoa kugeuka malipo ya deni?

Kwa maoni yangu, kukwama huko ndiko kulikozaa kazi zake bora. Katika Have His Carcase (1932) Harriet, akitembea peke yake ufukweni, anakuta maiti juu ya mwamba, koo limekatwa. Maji yanajaa. Hapigi kelele: anapiga picha, anachukua wembe na kiatu, ndipo anaondoka kutafuta msaada. Peter anafika baadaye, na wanafanya kazi ubavu kwa ubavu, hadi kuifumbua barua ya siri herufi kwa herufi. Kisha wanagombana. Anapohisi kwamba amekuja kumkinga tena, Harriet anachukia. Peter naye anajibu kwamba deni hilo la shukrani ni mzigo kwake pia, maana humkalia njiani kila anapotaka kusema anampenda. Ugomvi ule una thamani kuliko busu lolote.

Mpenda mafumbo atanung'unika kwamba Gaudy Night (1935) haina hata maiti moja: kuna barua za matusi na uharibifu katika chuo cha wanawake cha Oxford. Ni kweli, na pana kurasa zinazochosha. Lakini swali linalomsumbua Harriet, kama mtu aweza kuupenda ukweli wa kazi yake na kumpenda mtu bila kimojawapo kusalitiwa, ndilo lililo chini ya chuki ya mhalifu. Yaondoe mapenzi, kesi nayo inatoweka. Posa inapokubaliwa hatimaye, ni kwa Kilatini, kati ya wasomi wawili.

Tommy na Tuppence wa Christie wanachumbiana mapema, mwaka 1922, na ndoa haiwazuii kutaniana wala kukimbizana na wahalifu. Ila hawabebeshwi swali zito namna hiyo.

Kwa Cormoran Strike na Robin Ellacott, wapelelezi wa Robert Galbraith, yaani J. K. Rowling, naona shida nyingine. Tangu 2013 vitabu vinanenepa, wawili hawa wanatazamana na kunyamaza, na mara nyingi ungeweza kuufuta ukimya wao huku muuaji akibaki yuleyule. Nawaelewa wanaochoka. Hata hivyo kuna jambo moja lililotazamwa hapa kwa karibu, nalo ni mshahara. Robin aliingia kama katibu wa muda, Strike akiwa mwajiri mwenye madeni. Akapanda mpaka kuwa mshirika. Penzi likivunjika, ofisi nayo iko hatarini, na Robin ana kazi aliyoitaka tangu zamani. Wakinyamaza kwa sababu hiyo, nawaamini.