Bandari Bubu za Siasa Zetu

Kwenye baraza tunayokaa jioni, huku Ngamiani, mjini Tanga, muuza kahawa hajamaliza kugawa vikombe vya kwanza, tayari mtu ameshalitaja neno “mabeberu”. Mmoja atasema nchi inaingiliwa na Wazungu wanaowalipa wanaharakati. Mwingine atasema hapana, inaingiliwa na matajiri wenye mikataba. Na yupo anayeamini kuwa anayetuuza ni huyohuyo tuliyempa kura. Ubishi huu tunao tangu bomba la mafuta lije Chongoleani, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 umekuwa mzito kiasi kwamba wawili kati yetu, waliozoea kusoma gazeti moja wakigawana kurasa, sasa hawasalimiani.

Nimeusikiliza ubishi huu muda mrefu, na naona pande zote zimeshika kipande cha ukweli. Ila kuna kipande ambacho hakuna anayetaka kukishika.

Tuanze na bomba, kwa kuwa ndilo liko mlangoni kwetu. Tarehe 5 Agosti 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko ndani ya Tanzania. Kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, CNOOC ya China ina asilimia 8, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuulaumu mradi huo kwa sababu za mazingira na haki za binadamu. Kampala walikasirika, Dodoma hawakupendezwa, na sisi barazani tulipandisha sauti. Mimi mwenyewe nilikasirika. Ulaya iliyojengwa kwa makaa ya mawe na mafuta ilinitia uchungu ilipomwambia mvuvi wa Tanga asubiri.

Lakini hasira ilipotulia nikajiuliza: katika habari hii, mgeni ni nani? Bunge lililotoa azimio ni la Ulaya, na mwenye hisa mkubwa pia ni wa Ulaya. Tofauti yao haiko kwenye rangi wala pasipoti. Azimio lilisomwa hadharani. Ukitaka unalipata, unalijibu hoja kwa hoja, na wabunge wa Uganda walilijibu. Mkataba, kwa upande wake, una nguvu juu ya ardhi yetu kuliko azimio lolote la Bunge hilo la Ulaya. Tuna sheria ya mwaka 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi, nayo inataka mikataba ya aina hiyo iwekwe wazi. Nimezungumza na watu wengi wa Chongoleani. Bado sijakutana na aliyewahi kuushika mkataba wa bomba akausoma kwa lugha anayoielewa.

Huku kwetu mtu akisikia “bandari bubu” haulizi maana. Kuanzia Moa hadi Kigombe, kwenye mikoko, kuna vichochoro vya maji ambavyo mchana huoni kitu zaidi ya kaa na watoto wanaookota kuni. Usiku maji yakijaa, chombo kinaingia bila taa, kinashusha sukari au mafuta ya kula, wakati mwingine kitu kibaya zaidi, na alfajiri pamebaki nyayo kwenye tope tu. Bandari hiyo haina daftari la forodha wala mtu wa kuuliza. Ndiyo maana ikaitwa bubu. Naamini kinachotishia kura yetu huingia kwa njia ya namna hiyo. Bendera ya chombo, iwe ya China, ya Ufaransa au yetu wenyewe, haibadilishi hatari yake.

Historia ya pwani hii inanipa sababu ya kusema hivyo. Tarehe 28 Aprili 1888, Unguja, Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Watu wa Pangani hawakuulizwa. Agosti ya mwaka huohuo alifika wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipandishwe mjini mwao. Vita vilivyozuka, vikiongozwa na Abushiri bin Salim, viliishia kwa Abushiri kunyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kila nikifika Pangani nahesabu ile miezi minne kati ya saini na bendera, miezi ambayo mji mzima uliishi ndani ya mkataba usioujua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Tanga ikapata gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililochapwa kwenye shule ya Wajerumani. Lilikuwa gazeti la mtawala.

Kwa hiyo anayesema kuingiliwa ni hadithi ya kutungwa na serikali simwelewi. Vuka tu mpaka wa Horohoro uingie Kenya. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa kificho, mkuu mmoja wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni za siasa kwa kutumia data za watu, akijigamba kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017, wakaandika ilani, wakakibadilisha chama sura mara mbili. Ndugu zetu wa Vanga na Mombasa walipiga kura wakidhani maneno waliyokuwa wakiyasikia yametungwa Nairobi. Oktoba 2019 Facebook ilifuta kurasa zilizohusishwa na tajiri Yevgeny Prigozhin wa Urusi, na miongoni mwa nchi zilizolengwa ilikuwemo Msumbiji, jirani yetu wa kusini. Serikali yoyote yenye akili inapaswa kuwa macho na mambo haya. Huo ni upande wa kwanza, na nauheshimu.

Ila aliyeyafichua alikuwa nani? Ya Kenya yalifichuliwa na waandishi wa habari, ambao nao walikuwa wageni. Na sisi tuna mfano wetu, ambao kila mzazi Mtanzania anaujua kwa jina la “chenji ya rada”. Tuliuziwa rada na BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Serikali ya Tony Blair iliruhusu mauzo hayo ingawa waziri wake mwenyewe, Clare Short, aliyapinga. Gazeti la The Guardian la London likaandika mwaka 2007 kuhusu malipo makubwa yaliyokwenda kwa dalali, wapelelezi wa kwao wakafuatilia, na mwaka 2010 kampuni ikakiri kosa la kutotunza hesabu sawasawa. Ikakubali kutulipa pauni milioni 29.5, zikanunua vitabu na madawati. Aliyetuumiza alikuwa Mwingereza, na aliyetuambia pia alikuwa Mwingereza. Kipimo cha “mgeni au mwenyeji” hakimkamati mwizi wa namna hii.

Na wizi wa nyumbani? Fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje, shilingi bilioni 133, zilitoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22 katika kipindi cha uchaguzi wa 2005. Tulijua kwa sababu Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa upinzani, alisimama Mwembeyanga, Dar es Salaam, Septemba 2007 akataja majina, na magazeti yakakataa kunyamaza. Januari 2008 gavana akaondolewa. Mwezi huohuo Saed Kubenea na Ndimara Tegambwage wa gazeti la MwanaHalisi walivamiwa ofisini mwao. Kubenea alimwagiwa kemikali usoni, Tegambwage akakatwa panga.

Kuhusu fedha chafu kwenye kura zenyewe sitakaa sana, kwa sababu kila mtu ameziona. Mwaka 2000 sheria iliruhusu takrima, na ilihitaji Mahakama Kuu mwaka 2006 kusema kwamba takrima ni rushwa iliyovaa kanzu ya ukarimu. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Nenda uliza kwenye kura za maoni za ndani ya chama bei ya mjumbe. Jambo moja tu niongeze: fedha za pilau na khanga tunaziona. Zinazonitisha ni zile za aliyemlipia mgombea pilau, maana huyo atakuja kudai chake, na hatadai kwetu.

Sasa upande ambao wenzangu wa habari hawapendi niuguse. Wanaosema vyombo vya habari navyo vimenunuliwa hawasemi uongo. Niliwahi kuwa mwandishi wa kujitegemea hapa mkoani, nikilipwa kwa habari iliyotoka. Siku moja tuliitwa kwenye hoteli moja Raskazone. Mwekezaji wa ardhi, hakuwa wa mafuta, alikuwa akijibu malalamiko ya wanakijiji waliosema fidia haikuwafikia. Tulikunywa chai na sambusa, tukasikiliza nusu saa, kisha kijana mwenye shati jeupe akaleta daftari tusaini “nauli”. Bahasha ilikuwa na shilingi elfu thelathini. Habari moja gazetini ilinipa elfu kumi, na hiyo elfu kumi ilichukua miezi. Nilikuwa na kodi ya chumba Makorora. Nilisaini. Jioni niliandika habari, na mwanakijiji aliyekuwa amenionyesha karatasi zake, zimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, hakupata hata sentensi moja. Jina la kijiji chake naliona bado kila nikifumba macho.

Na zipo fedha za wafadhili. Kwa miaka mingi habari za uchunguzi nchini zimetegemea ruzuku za Ulaya na Marekani, na mwaka 2025 Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, wengi waliachwa mikono mitupu. Mtu akiniuliza kwa nini habari za nchi huru zilipiwe na serikali ya nchi nyingine, sina jibu zuri. Najua tu kwamba tajiri wa hapa hulipia matangazo, na mfadhili wa kule hulipia miradi. Msomaji analipia vocha, na gazeti halinunui tena.

Ila tiba iliyochaguliwa na serikali ndiyo ninayoipinga kwa moyo wote. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta kishindo hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, ikaamua tarehe 28 Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Magazeti yalifungiwa: Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema, Tanzania Daima. Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi, alitoweka Kibiti Novemba 2017 akiwa anaandika kuhusu mauaji ya eneo lile, na familia yake haijamwona. Februari 2022 leseni zilirudishwa, tukashusha pumzi. Kisha Oktoba 2024 leseni ya mitandaoni ya Mwananchi ikasimamishwa siku 30, Mei 2025 mtandao wa X ukazibwa, Septemba ikaja zamu ya jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, siku 90.

Mei hiyohiyo Martha Karua wa Kenya alizuiwa kuingia, na wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda wakakamatwa na kufukuzwa. Walikuja kusikiliza kesi ya kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu. Rais Samia alisema hataruhusu wanaharakati wa nje kuja kutuvuruga. Nchi ina haki ya kuamua nani aingie, hilo silibishi. Lakini hawa walipiga hodi uwanja wa ndege, kwa majina yao, wakaketi au wakataka kuketi kwenye mahakama ya wazi. Wao ndio tuliowashika. Wa mikokoni hawashikwi kwa njia hiyo, kwa kuwa anayewajua ni mwandishi wa Mkinga au Kilindi, mwenye namba ya simu ya mvuvi na ya karani. Huyo tumemnyamazisha kwa njaa kwanza, kisha kwa sheria.

Laiti orodha ya waliowachangia wagombea ingebandikwa kabla ya kura! Laiti mkataba wa bomba ungekuwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili! Laiti leseni ya gazeti isingetoka kwenye ofisi ileile inayoandikwa na gazeti! Kwa hayo mgeni mbaya angepata taabu kuliko anavyoipata sasa.

Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima. Watu walikufa katika vurugu za siku zile, na ni wangapi bado kunabishaniwa hadi serikali ikaunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Rais alisema miongoni mwa vijana waliokamatwa walikuwemo waliotoka nje ya nchi. Sisi Ngamiani hatukuwa na namna ya kujua. Simu za kupiga zilikuwa zikipita kwa shida. Shemeji wa muuza kahawa alipiga kutoka Mombasa, akamweleza yanayotokea Dar es Salaam, mji ulio ndani ya nchi yetu, kama alivyoyaona kwenye televisheni ya Kenya. Baada ya hapo redio ilitolewa ndani ikawekwa juu ya saruji ya baraza. Aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya vyombo vya habari vya nje ndiye aliyezungusha kisahani taratibu, sikio kwenye spika, akitafuta stesheni ya ng'ambo ya mpaka ili atuambie kwetu kumetokea nini.