Kamera za Barabarani Zinafaa Kuchagua Saa Kuliko Kuchagua Njia

Kwa mkazi wa mji wa pembezoni anayeamka kila siku kwenda kazini katika jiji la jirani, barabara kuu ndiyo inayoamua kama siku itaanza kwa utulivu au kwa mbio. Ndiyo maana kamera za barabarani zimepata wafuasi wengi. Idara za barabara zilizifunga kwa ajili ya vyumba vyao vya udhibiti, kisha zikaanza kuwaachia wananchi nao wazitazame. Marekani ilitenga namba ya simu 511 kwa taarifa za wasafiri mwaka 2000, na leo tovuti nyingi za majimbo zinazobeba namba hiyo huonyesha kamera za barabara kuu. London nayo hutoa vipande vifupi vya video kutoka mamia ya kamera zake. Dereva anaiona barabara kabla hajafungua mlango wa gari.

Wapo wanaosema kamera hizi zimewaokolea muda mwingi, na wapo walioziacha kwa sababu ziliwaahidi barabara nyeupe wakakuta foleni. Naamini pande zote mbili zinasema kweli, na tofauti yao inatokana na swali ambalo kila mmoja aliiuliza kamera. Ukiiuliza "nitoke saa ngapi?", mara nyingi inajibu vizuri. Ukiiuliza "nipite wapi?", mara nyingi inakupoteza, na inawaumiza wengine pia.

Nianze na kile ambacho kamera inakionyesha na rangi za programu ya ramani hazikionyeshi. Ramani hupaka barabara rangi nyekundu kwa kukadiria mwendo wa simu zilizomo ndani ya magari. Rangi hiyo peke yake inakuambia kwamba magari yanakwenda polepole, basi. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert alikokota kigari chenye simu 99 katika mitaa ya Berlin, na Google Maps ikaonyesha foleni kwenye barabara iliyokuwa karibu tupu. Kamera isingedanganyika namna hiyo. Inaonyesha lami iliyolowa, ukungu, lori lililolala ubavu, gari la zimamoto lililoziba leni mbili, au mafundi wakipanga koni. Na sababu ya foleni ndiyo inayoashiria itadumu kiasi gani. Gari dogo lililoharibika likasukumwa pembeni linaweza kusahaulika baada ya dakika chache. Lori lililopinduka na kumwaga mzigo linaweza kula asubuhi nzima. Kwa rangi ya ramani, yote mawili ni wekundu uleule.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kamera inaonyesha sasa, na wewe utafika pale baada ya dakika 30 au 40. Hili kila mtu analijua kwa maneno, lakini wachache wamelipigia hesabu, na hesabu yake inashangaza.

Tuchukue barabara ya leni mbili kuelekea jijini. Leni moja ya barabara kuu, mambo yakiwa mazuri, hupitisha takribani magari 2,000 kwa saa, kwa hiyo leni mbili ni 4,000. Tuseme asubuhi hiyo yanakuja magari 3,600 kwa saa: barabara imeshiba, ila inakwenda. Ikatokea ajali iliyofunga leni moja kwa nusu saa. Katika nusu saa hiyo yanafika magari 1,800 na yanapita 1,000 tu, tena hapo nimekadiria kwa ukarimu, maana madereva wakifika kwenye ajali hupunguza mwendo ili watazame. Magari 800 yanabaki nyuma, na kwa leni mbili hiyo ni foleni inayozidi kilomita 3. Sasa gari bovu linavutwa, polisi wanaondoka, leni inafunguliwa. Barabara inapitisha 4,000 kwa saa huku 3,600 yanaendelea kuja, kwa hiyo foleni inapungua kwa magari 400 tu kila saa. Kama wingi wa magari hautashuka, itachukua saa 2 kuisha. Ajali ya nusu saa imezaa foleni iliyodumu muda mrefu zaidi yake.

Mtu anayetazama kamera ya pale palipotokea ajali, dakika 10 baada ya leni kufunguliwa, anaona barabara safi na magari yakiongeza mwendo. Anatoka nyumbani akiwa na matumaini, na kilomita 3 kabla ya pale anakuta magari yamesimama. Kamera haikusema uongo. Ilionyesha mdomo wa foleni, pale ambapo magari yanaachiwa. Mkia ulikuwa nyuma, pengine mahali pasipo na kamera kabisa. Wengi waliokata tamaa na kamera hizi walinaswa hapa. Dawa yake ni kutazama kamera kwa mfuatano, kuanzia pale unapoingilia barabara kuu na kusonga mbele kuelekea jijini, badala ya kukimbilia ile ya mahali panaposifika kwa foleni.

Kuna pia foleni zisizo na chanzo cha kuonekana. Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha jaribio ambalo magari 22 yalizunguka kwenye duara lenye urefu wa mita 230. Madereva waliambiwa waende kwa mwendo sawa. Bila ajali, bila taa, bila kizuizi chochote, baada ya muda baadhi ya magari yalilazimika kusimama, na kusimama huko kukawa kunasogea kurudi nyuma kutoka gari moja hadi jingine. Mawimbi ya aina hiyo hupita kwenye barabara zetu kila asubuhi. Picha moja ikiyanasa, utadhani barabara imekufa. Dakika mbili baadaye magari yanatembea. Kwa hiyo nashauri kutazama mara mbili kwa kuachanisha dakika chache kabla ya kuamua, hasa pale ambapo kamera hutoa picha tuli badala ya video.

Kasoro nyingine nazipitia haraka. Picha huganda, na asiyeangalia saa iliyoandikwa pembeni anaweza kuamua safari yake kwa picha ya muda uliopita. Kamera nyingi huzungushwa na wahudumu, kwa hiyo upande uliozoea kuuona unaweza kuwa leo si upande wako. Na pale London, wahudumu wanapoihitaji kamera kwa kazi yao, umma huona tangazo kwamba inatumika, ambayo mara nyingine ndiyo saa unayoitaka zaidi.

Turudi kwenye njia na saa. Mchumi William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, aliandika mwaka 1969 juu ya foleni za asubuhi kwa kuitazama barabara kama mahali pembamba ambapo watu wote wanataka kupita kwa wakati mmoja. Kwake uamuzi muhimu wa dereva ni saa ya kutoka. Ukirudi kwenye mfano wetu utaona kwa nini. Barabara inayopitisha magari 4,000 ikijiwa na 4,400 kwa saa moja, magari 400 yanabaki kwenye foleni na wa mwisho anasubiri dakika 6. Wakiendelea kuja hivyohivyo saa ya pili, ni dakika 12. Sasa mwondoe dereva mmoja katika kila 11, aende nusu saa kabla au baada ya msukosuko. Foleni haizaliwi kabisa. Hakuna aliyejengewa leni mpya, na hakuna aliyekatazwa kusafiri.

Hapo ndipo kamera inapokuwa chombo cha thamani. Inamwambia aliye nyumbani: usikimbilie kujipanga nyuma ya wenzako, subiri. Anayeitikia anajiokolea muda na anawapunguzia wengine foleni. Manufaa yake yanakwenda sambamba na manufaa ya mji.

Kuchagua njia ni kinyume chake. Mtu akiona barabara kuu imesimama, anapinda kuingia mitaa ya ndani. Mtaa wa leni moja wenye taa, unaopata kijani nusu ya muda, haupitishi hata nusu ya kile kinachopitishwa na leni ya barabara kuu. Wenye vivuko vya watoto na alama za kusimama hupitisha magari machache zaidi ya hapo. Madereva mia mbili tatu wakiona picha ileile na kufikiri lilelile, mchepuko unajaa ndani ya dakika chache. Na safari hii mchepuko hauna kamera, kwa hiyo wanaofuata hawajui kwamba umejaa. Wakati huohuo wenye nyumba zao hapo hawawezi kutoa gari getini, na watoto wanavuka mbele ya madereva wenye haraka wasioujua mtaa. Mji mdogo wa Leonia, New Jersey, ulio karibu na daraja la George Washington, ulifikia hatua ya kuzuia wasio wakazi kupita mitaa yake mingi nyakati za msongamano mwezi Januari 2018, baada ya programu za simu kuwaelekeza humo wanaokwenda New York. Kanuni hiyo ilizua kesi na kupingwa mahakamani. Naelewa kilio chao. Barabara ya mtaani ni sehemu ya makazi ya watu, na dereva anayeokoa dakika 4 kwa kuipita kwa kasi anaihamishia familia nyingine foleni yake.

Lakini hoja ya saa nayo ina upande wake mgumu, na singependa kuificha. Kungoja nusu saa ni rahisi kwa mwenye kazi ya ofisini inayovumilia. Muuguzi wa zamu, mwalimu wa kipindi cha kwanza, fundi wa kiwandani na mzazi anayemfikisha mtoto shuleni hawana nusu saa ya kuchezea. Wao wakiona foleni kwenye kamera wanaloweza kufanya ni kutoka mapema zaidi, yaani kulipa kwa usingizi, au kutoa taarifa kwamba watachelewa. Hiyo ya pili si ndogo: msimamizi aliyejua mapema anaweza kupanga zamu. Hata hivyo nafuu kubwa inamfikia aliyekuwa na uhuru tangu mwanzo. Waajiri wanaoweza kuruhusu watu kuingia kwa saa tofauti ndio wanaoipa kamera nguvu yake. Bila wao, mfanyakazi anaona tatizo kwa uwazi na hana la kulifanya.

Kuhusu faragha, nadhani hofu nyingi imeelekezwa pasipo. Kamera za umma za kutazama foleni mara nyingi huwa na picha hafifu isiyosomeka namba za magari. Zile za kusoma namba, kama zinazotumika kutoza magari katikati ya London tangu 2003, ni mfumo mwingine na zinastahili mjadala wake. Kuhusu usalama sina utata: kamera hutazamwa kabla gari halijawashwa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde 3 za kuangalia simu ni mita 50 za kuendesha bila kuona.

Kwa mamlaka, yapo mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Kila picha iwe na saa yake na mshale wa mwelekeo, maandishi makubwa. Pembeni yake iwekwe picha ya mahali hapohapo katika siku ya kawaida, saa ileile, kwa sababu asiyejua kawaida ya barabara hawezi kujua kama anachokiona ni kibaya. Ajali ikiondolewa, iandikwe ilidumu muda gani, ili mtu akadirie mkia uliobaki. Na kamera zinazofuata zifungwe ndani ya miji ya pembezoni yenyewe, kwenye makutano ya shule, vivuko vya reli na taa za kuingilia barabara kuu, kwani kwa wakazi wengi foleni huanza hapo, kabla hawajafika kwenye kamera ya kwanza iliyopo sasa.