Mumia za Misri: Zitazamwe au Zistiriwe?

Aprili 3, 2021, barabara za Cairo zilifungwa ili wafalme 18 na malkia wanne wapite. Walikuwa wakihamishwa kutoka jumba la makumbusho la Tahrir kwenda jumba jipya la Fustat. Mizinga 21 ilipigwa na Rais Abdel Fattah el-Sisi alikuwapo kuwapokea. Siku chache baadaye ukumbi wao ukafunguliwa kwa wenye tiketi. Ubishi wa mumia, yaani maiti za mafarao zilizokaushwa zisioze, unaanzia hapo: ni heshima au ni biashara?

Ili kuupima, tazama kwanza kazi yenyewe ya kuihifadhi maiti. Ilichukua siku 70 hivi. Ubongo ulivutwa kwa kulabu kupitia puani. Ubavu wa kushoto ulipasuliwa, vikatolewa ini, mapafu, tumbo na utumbo, kila kimoja na mtungi wake. Moyo waliuacha, maana ndio ungepimwa kwenye mizani ya akhera dhidi ya unyoya. Kisha maiti ilifukiwa kwa natroni, chumvi ya jamii moja na magadi tunayotia kwenye maharage, kama siku 40, hadi ikauke. Yakafuata mafuta, utomvu na kitani tabaka juu ya tabaka, hirizi zikichomekwa katikati. Ramses II alitiwa punje za pilipili manga puani. Pua ile ndefu iliyopinda bado imesimama, miaka zaidi ya 3,200 tangu afe.

Wanaopinga maonyesho wana hoja nzito: jitihada zote hizo zilikuwa za mwili kukaa gizani, umefungwa, salama. Makuhani wa nasaba ya 21 waliwakusanya wafalme na kuwaficha Deir el-Bahari, karibu na Luxor, ili kuwaepusha na wezi wa makaburi. Mwaka 1886 Ramses alifunguliwa sanda mbele ya Khedivi Tewfik, mtawala wa Misri wa wakati huo. Tutankhamun yalimkuta makubwa zaidi. Utomvu ulikuwa umemgandisha ndani ya jeneza, basi mwaka 1925 timu ya mwanaakiolojia Howard Carter ikamkata vipande, kichwa mbali na kiwiliwili. Hata Rais Anwar Sadat aliona haya; mwaka 1980 aliamuru chumba cha mumia za kifalme kifungwe. Kilifunguliwa tena 1994, yeye mwenyewe keshakufa.

Upande wa pili, wa wanaosema miili hii ina la kuifundisha sayansi, nao haupuuzwi. Majeraha ya kichwani mwa mfalme Seqenenre Tao yanasimulia kifo cha kikatili ambacho maandishi hayakukieleza. Tena Wamisri hawakutaka kusahauliwa. Makaburi yao yana maandishi yanayowaita walio hai wanaopita, wasimame, wamwombee marehemu mkate na bia, walitaje jina lake. Mtalii anayetamka "Ramses" mbele ya kioo, wanasema watetezi, anatimiza ombi hilo. Hoja nzuri, ila ina tundu: kilichoombwa ni jina litajwe, hakuna aliyeomba uso wake ufunuliwe.

Hoja ya sayansi nayo imepungua nguvu. Farao Amenhotep I hajawahi kufunguliwa na wanasayansi wa zama hizi. Mwaka 2021 watafiti Sahar Saleem na Zahi Hawass walitangaza matokeo ya kumpitisha kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, akiwa na sanda yake yote: alikufa akiwa na miaka 35 hivi, meno mazuri, hirizi 30. Kama hayo yanajulikana bila kugusa kitani, basi kinachobaki kutetea kioo ni mapato na fahari ya taifa.

Vyote viwili si vya kudharau kwa nchi inayotegemea utalii, na naona Misri ina haki ya kuamua. Hata Kalenga, Iringa, fuvu la Mkwawa lililorudi kutoka Ujerumani mwaka 1954 linatazamwa na wageni, na wenyewe Wahehe ndio wenye neno juu yake. Haki hiyo jumba la London au Turin halina. Makumbusho ya Atlanta, Marekani, yalionyesha njia mwaka 2003 yaliporudisha Misri mwili unaoaminika kuwa wa Ramses I.

Kwa Cairo, ningependa wafanye zaidi ya walivyofanya kwa Tutankhamun. Tangu 2007 amelazwa ndani ya kioo kaburini kwake, amefunikwa kitani, uso na nyayo tu vikiwa nje. Wavute kitani hicho hadi usoni, na picha za CT ziwekwe ukutani kwa anayetaka kujua zaidi.