Mchanga wa kununua

Shangazi ana shamba la zabibu upande wa Mvumi, huko Dodoma, na ili ulifikie sharti uvuke korongo. Msimu ule lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Akanipigia simu: "Baba, zabibu zimeiva na mnunuzi yuko mjini. Njoo na hicho kigari chako."

Kigari chenyewe ni kirikuu. Injini iko chini ya makalio ya dereva, nyuma kama hujapakia ni kwepesi, na matairi yanayosukuma ndiyo hayo ya nyuma. Difu loki, ile ya kuyafunga matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, sikuthubutu hata kuulizia bei. Nikanunua matairi mawili ya mtumba yenye kashata za kueleweka, nikayajaza upepo mpaka yakawa jiwe. Jirani naye akanipa dawa ya bei chee: weka uzito juu ya eksili ya nyuma. Si uongo, kwenye barabara ngumu iliyoloa uzito husaidia kweli. Basi nikanunua mchanga. Kwa hela. Nikajaza kwenye salfeti, nikazipanga nyuma kwa ustadi mkubwa.

Korongo nililiingia kwa moto. Katikati gari likashuka, taratibu, kama mzee anayekaa kwenye kigoda. Nikakanyaga mafuta. Tairi la kushoto likazunguka kwa bidii, la kulia likasimama likiliangalia. Difu ya kawaida ndivyo ilivyo, nguvu yote inamkimbilia anayeteleza. Nilipozima injini, eksili ilikuwa imelala mchangani.

Ng'ambo kulikuwa na tipa inapakia mchanga wa kwenda kuuzwa mjini. Vijana wakaacha makoleo wakaja. Mmoja akafungua salfeti, akachota kiganja, akakitazama, kisha akalitazama korongo lote, juu mpaka chini.

"Braza, huu umeutoa wapi?"

"Mjini."

"Umenunua?"

Nikajifanya natafuta jeki.

Mwenzake alicheka mpaka akakaa chini. Wakazishusha salfeti zangu wakazimwaga kwenye tipa, maana wachimbe nini wakati upo uliokwisha kuchimbwa? Mchanga wangu ukarudi mjini kabla yangu, kwenda kuuzwa tena.

Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akaja, akabonyeza tairi kwa dole gumba. "Mbona gumu hivi? Toa upepo."

Tukatoa, yote manne, karibu nusu, geji ikiwa macho ya mzee. Tairi likilegea hutandaza unyayo, likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Tukafukua mbele ya magurudumu, vijana wakasukuma kidogo tu, kirikuu ikatoka bila kelele. Dawa ya bure kabisa! Hata tuliporudi na kreti za zabibu, Shangazi kakaa mbele, tulivuka kama si sisi.

Sasa lami iko mbele, na tairi legevu ukilikimbiza kwenye lami linachemka mpaka lipasuke. Pampu sina. Shangazi akamsimamisha kijana wa baiskeli, lakini mdomo wa pampu yake ukakataa valvu ya gari. Ya bodaboda ikakubali. Pampu ya mkono, tairi la gari, jua la saa nane la Dodoma. Vijana wakawa wanapokezana, na kila aliyechoka alijilipa kishada cha zabibu. Nani angewakataza? Tairi la pili liliposimama, kreti ya juu ilikuwa na vikonyo vitupu. Kufika la tatu, wasaidizi walikuwa wameongezeka, na wengine wao sikuwaona wakiigusa pampu.

"Bado moja," nikasema.

Shangazi alivua kanga ya mabegani, akafunika kreti zilizobaki, akachomeka pembe zake vizuri, akapanda mbele akafunga mlango.

"Hilo la nne liache hivyo hivyo, baba. Tutaenda taratibu."