Mhojiwa Namba 20

Saa moja ya mahojiano ilikuwa inanilia saa sita za kuyaandika. Rudisha sekunde kumi, sikiliza, chapa, rudisha tena, mpaka unamchukia mtu uliyemwamkia kwa heshima zote. Nilipofika mahojiano ya ishirini nikasema basi, nikampa kazi mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita. Alisaini kiapo cha usiri, kwa hiyo alimsimulia mama yake tu.

Utafiti wangu wa uzamivu ni wa mitaji ya mama lishe, na mhojiwa namba 20 anauza ubwabwa na samaki pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Nilianza kwa kumsomea fomu ya ridhaa. Akanitazama, mwiko mkononi.

"Mwanangu, nikisaini hapa, nyumba ya marehemu inabaki?"

Nikamwapia inabaki. Nikaweka simu mezani, kati ya bakuli la pilipili na kopo la vijiko, tukaanza. Katikati ya maswali tumbo likanisokota, nikakimbilia chooni. Simu nikaiacha palepale, inarekodi.

Kijana akachapa yote. Mimi sikusoma hata mstari, maana siku ya kuwasilisha ilikuwa kesho yake. Nikamtumia msimamizi wangu usiku ule ule, nikalala fofofo.

Saa mbili asubuhi, simu.

"Ukurasa wa 4," akasema profesa. "Mama anasema alianza na mtaji wa elfu themanini, themanini na tano, tisini, tisini mara ya pili. Huu mtaji wa namna gani?"

Ulikuwa mnada wa vibua, hatua chache nyuma yetu.

"Haya. Ukurasa wa 9." Akakohoa kidogo, kisha akasoma kwa sauti ileile ya darasani:

"Mhojiwa: Kaenda wapi huyo? Shoga yake: Chooni. Mhojiwa: Maskini. Nimemwambia faida sioni kabisa. Watu wa kodi siku hizi wanakuja na sura za kila namna. Shoga: Huyu wa kodi wapi, hebu kione kiatu kilivyochoka! Wanacheka, sekunde 40. Mhojiwa: Ukimwona anarudi nikonyeze, nianze kulia."

Na alilia kweli. Kwenye daftari langu nimeandika "hisia nzito", nikapigia mstari mara mbili.

"Katika yote uliyoniletea, hii ndiyo data," profesa akasema. "Ila kwa maneno haya hujapewa ridhaa. Rudi."

Nikarudi Feri. Shikamoo mama, marahaba, nikamweleza kisa chote huku natazama chini, nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza huku anageuza samaki kwenye karai, mafuta yanaruka. Hakucheka hata kidogo. Nikajua namba 20 imekwenda na maji. Alipomaliza akanitazama usoni, macho yakashuka taratibu mpaka chini kabisa.

"Yaache yote," akasema. "Ila hapo shoga yangu kakosea, rekebisha. Kasema kiatu. Andika viatu. Vimechoka vyote viwili."