Miaka 80 jukwaani? Toeni minne ya dukani

Eunice Muñoz alipofariki Aprili 2022, akiwa na miaka 93, Ureno ilitangaza maombolezo ya kitaifa kwa ajili ya mwigizaji. Kila taarifa niliyoisoma ilikuwa na namba ileile: miaka 80 ya sanaa. Mimi nina ugomvi na namba hiyo.

Kwa kalenda haina kosa. Tarehe 28 Novemba 1941 Eunice, binti wa miaka 13, alianza kazi rasmi kwenye jukwaa la Teatro Nacional D. Maria II, ukumbi wa taifa pale Rossio, Lisbon, katika mchezo uitwao Vendaval. Kampuni ilikuwa ya Amélia Rey Colaço na mumewe Robles Monteiro, na hapo uzembe haukuvumiliwa. Tarehe 28 Novemba 2021 bibi huyo alirudi ukumbi uleule kuaga. Miaka 80, siku kwa siku. Mwandishi gani wa habari angeiacha?

Ila katikati ya hiyo 80 kuna miaka kama minne ambayo hakuigiza kabisa, na nikiambiwa nichague kipande kimoja cha maisha yake nikisimulie, nachagua hicho.

Eunice alizaliwa 1928 Amareleja, kijiji cha Alentejo, kusini kwenye jua kali, katika ukoo wa wasanii wa kuzunguka na maonyesho mji hadi mji. Alianza kupanda jukwaani kabla hajajua kusoma vizuri. Mtoto wa namna hiyo haulizwi anataka kuwa nani akikua. Akapita Konsevatori ya Taifa, chuo cha sanaa, na kumaliza kwa alama 18 kati ya 20, halafu mwaka 1946 akashinda tuzo kwa sinema ya Camões, kuhusu mshairi mkuu wa Ureno. Miaka kumi na minane tu, na nchi nzima inamjua kwa sura.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaacha. Hakufukuzwa, hakuishiwa kazi. Alikwenda kuuza dukani, Lisbon, duka la bidhaa za lile gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa. Alentejo ndiko miti hiyo inakojaa, kwa hiyo kwa namna fulani alikuwa amerudi nyumbani, akiwa amesimama nyuma ya kaunta.

Niseme kwa nini hili linanigusa. Niliwahi kuwa kwenye kikundi cha maigizo, tukazunguka mikoa mitatu, nikajulikana kidogo, kidogo sana. Baadaye nikauza vitambaa Kariakoo miaka miwili. Kuna mteja alikuwa akishika khanga, anaikunjua, anaitazama pindo kwa pindo, halafu jicho linapanda taratibu hadi usoni kwangu. "Wewe si ndiye yule wa ile igizo?" Ukijibu ndiyo, swali linalofuata unalijua, na huwa linaulizwa kwa huruma: "Sasa mbona uko huku?" Mimi nilikuwa na mtu mmoja kama huyo kwa mwezi. Yeye, mshindi wa tuzo ya sinema katika mji mdogo kama Lisbon ya wakati ule, sijui alikuwa nao wangapi kwa siku.

Mwaka 1955 akarudi, Teatro Avenida, akiwa Joana wa Arc, yule msichana shujaa wa Ufaransa, katika mchezo wa Mfaransa Jean Anouilh. Watu walifurika. Wanaosema alikuwa na kipaji tangu utotoni wanasema kweli, lakini kipaji hicho alikikuta kwao, kama mtu anavyorithi shamba. Ule uamuzi wa 1955 ulikuwa wake mwenyewe. Kwangu mimi kazi yake inaanza hapo.

Kazi yenyewe aliifanyia chini ya udikteta, na hapo sifa za msibani huwa zinapita haraka. Ureno ya Salazar, na ya Caetano baada yake, ilikuwa na watu wa penseli ya buluu waliosoma kila tamthilia kabla haijafika kwa watazamaji. Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, hakuruhusiwa. Mwaka 1960 kampuni ya Maria Della Costa kutoka Brazili ilijaribu kuigiza mchezo wake Lisbon, onyesho likasimamishwa baada ya siku chache. Ndiyo maana Eunice alimwigiza Mama Courage wa Brecht mwaka 1986, miaka 12 baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 yaliyouangusha udikteta huo. Mchezo ule unaishia kwa mwanamke aliyefiwa na watoto wake wote watatu vitani. Anajifunga kamba ya mkokoteni wake wa biashara na kuuvuta peke yake, kwa sababu jeshi linaondoka na wateja wake ni hao hao askari. Mchuuzi asiyeacha kuuza. Nafasi hiyo ilimpata mtu aliyewahi kusimama dukani.

Kuna jambo jingine, nalo linatuhusu sisi wa huku. Kuelekea 1970 yeye na José de Castro waliunda kampuni ya watu wawili wakazunguka Angola na Msumbiji, makoloni ya Ureno wakati huo. Wakati huo FRELIMO ilikuwa na ofisi zake Dar es Salaam, kiongozi wake Mondlane alikuwa ameuawa hapa hapa Februari 1969, na wakimbizi wa Kimakonde walikuwa wameshavuka Ruvuma kwa maelfu. Sidhani kama kuna mkulima wa Mueda, kule kaskazini mwa Msumbiji, aliyekata tiketi. Simlaumu kama mtu aliyebeba bunduki, lakini siwezi pia kujifanya kumbi zile hazikuwa za watawala. Nampenda mwigizaji huyu nikiwa nalijua hilo.

Televisheni ilimfikisha hadi jikoni kwa watu. Mwaka 1993, katika A Banqueira do Povo, alikuwa Dona Benta, aliyechorwa kutokana na Dona Branca, mama wa Lisbon aliyechukua akiba za watu na kuwalipa asilimia 10 kwa mwezi mpaka mambo yakaharibika. Sisi tuliopitishwa kwenye upatu wa "kupanda na kuvuna" hatuhitaji tafsiri.

Mchezo wake wa mwisho, A Margem do Tempo wa Franz Xaver Kroetz, karibu hauna maneno. Aliucheza pamoja na mjukuu wake, Lídia Muñoz. Bibi wa miaka 93, maneno yametolewa, kimebaki kile anachofanya mwili ukiwa peke yake nyumbani jioni.

Karibu miezi mitano baadaye akaondoka. Ningepata bahati ya kumwuliza swali moja, nisingemwuliza la Joana wala la Mama Courage. Ningemwuliza: mteja akishakutambua, na mzigo wake bado hujaufunga, ulikuwa unamjibu nini?